Jinsi ya kusoma mihtasari ya bodi ya benki kuu ya wakati wa vita: mwongozo wa katibu kutoka Tanga

Mwongozo huu ni wa makatibu wa vyama vya akiba na mikopo, makarani wa bodi, na wanafunzi wa historia na uchumi wanaotaka kujua jinsi taasisi kubwa ya fedha inavyoamua mambo yake ya kila siku nchi ikiwa vitani. Mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo hapa Tanga. Vijana wanaokuja kujifunza kazi ofisini kwetu Ngamiani huanzia hapa kabla hawajashika kitabu chetu cha mihtasari.

Tutatumia mihtasari ya Bodi ya Magavana ya Federal Reserve, benki kuu ya Marekani, ya mwaka 1942 hadi 1945. Nimeichagua kwa sababu inapatikana mtandaoni bure, ukurasa kwa ukurasa, katika maktaba ya kidijitali iitwayo FRASER inayoendeshwa na Federal Reserve Bank ya St. Louis. Ukiingia humo kutafuta habari za mabomu na manowari utachoka mapema. Utakachokuta ni mshahara wa mkaguzi, likizo ya karani, benki ya mji mdogo inayoomba uanachama, na riba ambayo haikubadilika. Nashikilia kwamba kazi yenyewe ya bodi imo humo, kwa hiyo soma polepole.

Hatua ya 1: Jua nani anaamua nini

Benki kuu ya Marekani haiko chini ya paa moja. Kuna Bodi ya Magavana iliyoko Washington, na kuna benki 12 za mikoa, kama ya New York, Chicago na San Francisco, kila moja na wakurugenzi wake. Halafu iko kamati nyingine inayoamua ununuzi na uuzaji wa dhamana za serikali sokoni, yaani hati ambazo serikali huziuza ili ikope fedha. Wajumbe wa Bodi wamo ndani ya kamati hiyo pamoja na wawakilishi wa benki za mikoa, lakini kamati ina vikao vyake na mihtasari yake.

Wengi hukosea hapa. Uamuzi maarufu wa Aprili 1942, wa kununua dhamana za muda mfupi zote zitakazoletwa kwa riba ya tatu ya nane ya asilimia moja (asilimia 0.375) ili serikali ikope fedha za vita kwa bei nafuu, ulikuwa wa kamati. Ukiutafuta katika mihtasari ya kila siku ya Bodi utadhani umefichwa, kumbe umefungua jalada lisilo lake.

Hatua ya 2: Chukua wiki moja tu

Usipakue mwaka mzima. Chagua wiki moja ya mwaka 1943, pakua usiku bando likiwa la bei nafuu, na uisome yote bila kuruka. Kiingereza chake ni cha kiofisi na kinajirudia sana. Ukishazielewa siku mbili tatu, zinazofuata zitakuwa nyepesi.

Chora daftari lenye safu saba: tarehe, ukurasa, nani aliomba, anaomba nini, kwa sheria au kanuni ipi, uamuzi, na nani aarifiwe. Safu ya mwisho usiiache kamwe. Katika mihtasari ile karibu kila uamuzi umeambatana na maneno ya barua au telegramu iliyotakiwa kutumwa, tena yameandikwa humo humo. Bodi haikuidhinisha jambo hewani. Iliidhinisha na maneno ambayo mhusika angeyasoma.

Hatua ya 3: Soma mahudhurio kwa makini

Juu ya kila kikao utaona waliohudhuria. Kwa mwaka 1943 utakutana na Marriner Eccles, mwenyekiti, Ronald Ransom, makamu wake, kisha Szymczak, McKee, Draper na Evans, pamoja na katibu Chester Morrill na maofisa wachache. Sheria ilitoa viti saba, lakini wakati huo kimoja kilikuwa wazi. Hesabu kila siku walikuwepo wangapi. Angalia pia maofisa wanapotoka chumbani, maana muhtasari unasema nani alitoka na jambo gani liliamuliwa baada yake. Makatibu wengi hapa kwetu huandika mahudhurio mara moja juu ya ukurasa na kuyasahau. Akija mkaguzi kuuliza kama meneja alikuwa ndani mshahara wake ulipojadiliwa, hakuna jibu.

Hatua ya 4: Tafuta mpaka kati ya mazungumzo na maamuzi ya kawaida

Katikati ya muhtasari kuna sentensi inayojirudia siku hadi siku, isemayo kwamba uamuzi ulioandikwa katika kila jambo lifuatalo ulichukuliwa na Bodi. Iwekee alama. Juu yake kuna mambo yaliyozungumzwa. Chini yake mambo ya kawaida yanafuatana moja baada ya jingine, na kila moja limefungwa kwa maneno kwamba limeidhinishwa kwa kauli moja.

Chini ya mpaka huo utakuta pia mihtasari ya siku zilizopita ikithibitishwa. Kuna siku ambazo mambo yaliamuliwa na wajumbe wachache bila kikao kamili. Maamuzi hayo hayakuachwa yakielea: yaliandikwa mihtasari yake, na Bodi ikayaridhia baadaye. Wenye vyama ambavyo siku hizi vinaamua mambo kwenye kundi la WhatsApp, tazameni hapo. Jambo lililokubaliwa nje ya kikao liletwe kikaoni, liridhiwe, na liandikwe tarehe zote mbili.

Hatua ya 5: Kaa kwenye riba isiyobadilika

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo wanafunzi wanayotaka kuiruka.

Sheria ilizitaka benki za mikoa kupanga riba yao ya kuyakopesha mabenki kila baada ya siku 14, au mapema zaidi Bodi ikiona inafaa, kisha Bodi iipitie na kuikubali. Kwa hiyo wiki baada ya wiki utaona telegramu za namna hii kwenda kwa benki hizo: Bodi imeidhinisha riba zenu zibaki zilivyo, bila mabadiliko. Piga hesabu. Benki 12, kila moja mara 26 kwa mwaka, ni maamuzi 312, hata kama hakuna kilichobadilika. Na kweli riba ya kawaida ilisimama kwenye asilimia 1 tangu 1942 hadi Januari 1948. Pembeni yake kulikuwa na riba ya upendeleo ya asilimia 0.5 kwa benki iliyoweka rehani dhamana za serikali zenye kuiva ndani ya mwaka mmoja, nayo ikadumu hadi 1946.

Mtu atauliza, wapi faida ya kuandika kitu kile kile mara mia tatu? Faida ni kwamba riba ile haikubaki asilimia 1 kwa kusahauliwa. Kila wiki mbili palikuwa na watu waliopewa nafasi ya kusema ibadilike, wakasema ibaki, na majina yao yapo. Shinikizo la Hazina, yaani wizara ya fedha ya Marekani, la kutaka fedha za bei rahisi lilikuwa kubwa, na mvutano wake na benki kuu haukwisha mpaka makubaliano yao ya Machi 1951. Anayetaka kujua nani aliukubali utulivu ule, na lini, ataanzia kwenye telegramu hizi zinazofanana.

Katika daftari lako, basi, usiandike "hakuna jipya". Andika: "Riba imeidhinishwa kubaki ilivyo." Ni uamuzi kamili.

Hatua ya 6: Itafute vita ndani ya mambo madogo

Sasa rudi kwenye wiki yako na kalamu ya rangi nyingine. Weka alama kila mahali ambapo jambo la kawaida limeguswa na vita.

Anza na watumishi. Makarani na wakaguzi wanaondoka kwenda jeshini. Wengine wanaajiriwa kushika nafasi zao kwa muda. Ukiona mtu amepewa likizo badala ya kuachishwa kazi, kumbuka kwamba sheria ya Septemba 1940 ya kuandikisha wanajeshi ilimlinda aliyeitwa ili akirudi apate kazi yake. Nyongeza za mishahara nazo zisome ukijua kwamba kuanzia Oktoba 1942 serikali ilidhibiti mishahara na bei nchi nzima.

Kisha nenda kwenye kanuni. Kanuni W ilianza 1 Septemba 1941 kuzuia watu wasinunue ovyo kwa malipo ya awamu magari, majokofu, redio na mashine za kufulia, ili viwanda na chuma viende vitani na bei zisipande. Mwanzoni muda wa kulipa haukuruhusiwa kuzidi miezi 18, na baadaye ukabanwa zaidi. Benki kuu ikajikuta inajibu maswali ya wenye maduka: je, bidhaa hii imo au haimo? Kanuni V ilitokana na amri ya rais ya 26 Machi 1942. Chini yake wizara za vita na za majini ziliweza kudhamini mikopo ya viwanda vyenye zabuni za kijeshi, na benki za mikoa zikawa wakala wa kuishughulikia.

Mengine ni mazito japo yanaonekana mepesi. Mwaka 1942 Bodi iliipunguza akiba ya lazima (sehemu ya amana ambayo benki hairuhusiwi kuitumia) ya mabenki makubwa ya New York na Chicago kutoka asilimia 26 hadi 24, 22, kisha 20, yote kati ya Agosti na Oktoba. Kwenye karatasi ni tarakimu tu, lakini iliyapa mabenki yale fedha za kununulia dhamana za vita.

Msomaji wa Tanga asitafute humo habari za kwetu. Wakati ule Tanganyika haikuwa na benki kuu. Shilingi ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1919 na kukaa London, ambayo kazi yake hasa ilikuwa kubadilisha pauni 1 kwa shilingi 20 na shilingi 20 kwa pauni 1. Haikupanga riba. Mkonge wa Tanga ulitakiwa sana na Washirika baada ya Wajapani kuteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia, lakini fedha iliyoulipia haikuamuliwa na bodi yoyote ya hapa. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa 14 Juni 1966.

Hatua ya 7: Jua kisichomo

Muhtasari si kinasa sauti. Hoja nyingi zimefupishwa, na ubishi unaweza kuwa sentensi moja. Sheria ya 1935 iliitaka Bodi iweke kumbukumbu maalumu za maamuzi ya sera, zikiwa na kura na sababu, na kuzitoa katika taarifa yake ya mwaka. Ukikwama kwa kukosa sababu, nenda kwenye taarifa ya mwaka huo. Na ukiandika kazi yako, majina ya magavana yataje. Ya karani aliyeomba likizo ya ugonjwa yaache.

Hatua ya 8: Lete zoezi nyumbani

Chukua muhtasari wa kikao cha mwisho cha chama chenu na uuingize kwenye daftari lile lile lenye safu saba. Jaza nani aliomba, kwa kifungu kipi cha masharti, na nani aliamuliwa aarifiwe. Riba ya mikopo kama mliiacha ilivyo, tafuta mahali palipoandikwa kwamba mliiacha. Kama hapapo, ipelekeni kwenye ajenda ya kikao kijacho. Na safu ya saba ikiwa tupu kwa mwanachama aliyekataliwa mkopo, andika barua yake leo, weka nakala kwenye jalada, kisha ndipo uendelee na mstari unaofuata.