Namna ya Kupima Kazi ya Mrushaji wa Besiboli

Mwalimu wa michezo anayefundisha besiboli shuleni hapa Dodoma asimpime mrushaji, yaani mchezaji anayemrushia mpigaji mpira, kwa kuangalia tu kama timu imeshinda, kwa sababu kipimo hicho humdhulumu mtoto. Mwaka 2010 Félix Hernández wa Seattle Mariners, timu ya Marekani, alihesabiwa ushindi 13 na vipigo 12, kwa kuwa wenzake walikuwa wadhaifu katika kupiga, na bado alipewa tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora wa ligi yake.

Anza kwa kuhesabu wapigaji waliotolewa wakati mrushaji akiwa kazini, ambapo watatu hufanya iningi moja, yaani zamu moja ya timu kupiga. Kisha hesabu mikimbio aliyoruhusu, yaani alama ambazo wapinzani hupata kwa kuzunguka besi zote (vituo vinne vya uwanjani), ukiondoa ile iliyopatikana kwa makosa ya walinzi, kama vile kuudondosha mpira uliodakika kwa urahisi. Mikimbio inayobaki izidishe kwa 27, ugawanye kwa idadi ya waliotolewa: aliyeruhusu miwili huku 16 wakitolewa anapata 3.38, yaani wastani wa mikimbio kwa mchezo wa iningi tisa. Nasisitiza kuhesabu waliotolewa kwa sababu hao 16 ni iningi tano na theluthi, ambazo huandikwa 5.1, na anayeiingiza namba hiyo kwenye kikokotoo cha simu kama ilivyo hupata 3.53, jibu lisilo sahihi.

Kipimo cha pili huonyesha ni wapigaji wangapi aliowaachia kufika kwenye besi. Jumlisha mipigo iliyofanikiwa na besi za bure zitokanazo na mipira minne mibaya, zidisha kwa tatu, gawanya kwa waliotolewa. Mipigo minne na besi nne za bure kwa mrushaji yuleyule huleta 1.50, na hapo ndipo udhaifu wake unapoonekana, kwani nusu ya wapigaji hao aliwapeleka yeye mwenyewe.

Viwanja vyetu vikavu vinadai uangalifu wa ziada. Mpira ukigonga kokoto na kumruka mlinzi ghafla, kanuni huuhesabu kuwa mpigo uliofanikiwa, si kosa, na mikimbio inayofuata huandikwa kwa mrushaji ingawa hakukosea. Kwa hiyo mimi huthamini zaidi matukio ambayo mlinzi hayagusi: wapigaji aliowatoa kwa kukosa mara tatu, besi za bure alizotoa, wapigaji aliowagonga kwa mpira, na mipira iliyopigwa ikavuka uzio. Weka daftari lenye safu hizo nne, ulijaze mchezo baada ya mchezo.