Mvinyo mwekundu upozwe kidogo kabla ya kumiminwa

Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za Ulaya zenye ubaridi, wala haufai Dar es Salaam, ambako chumba huweza kufikia nyuzijoto 30. Mvinyo wa zabibu za Makutupora kutoka Dodoma, ambako mkulima huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, hupendeza zaidi kwenye nyuzi 16 hadi 18, kwa kuwa joto likizidi, ukali wa kileo hutangulia puani na harufu ya tunda hufifia, jambo ambalo naona ni hasara kubwa kwa jasho la mkulima. Iweke chupa kwenye jokofu kwa saa moja au zaidi kidogo, kisha ujaze theluthi moja tu ya glasi.