Jinsi ya Kutengeneza Jani la Nje la Siga Lililopasuka au Kubanduka

Siga, yaani sigara nene iliyoviringishwa kwa majani ya tumbaku, huundwa kwa tabaka tatu: majani ya ndani yanayojaza mwili wake, jani la kufungia linaloyashikilia pamoja, na jani la nje, ambalo kwa kawaida ndilo jembamba na linaloonekana, na ambalo huviringishwa likiwa limevutwa kuanzia mguuni, yaani ncha ya kuwashia, hadi kichwani linakogundishwa. Jani hilo likipata ufa, hewa huingilia pembeni badala ya kupitia mguuni, moto hula upande mmoja na moshi hupungua. Wengi wakiuona ufa hukimbilia gundi, ilhali gundi haishiki vyema kwenye jani lililokauka, na hata ikishika, ufa mwingine hufunguka kando yake. Kwa hiyo fuata mpangilio ulioelezwa hapa bila kuruka hatua.

Hatua ya kwanza: tambua chanzo

Ufa unaokwenda kwa urefu kutoka mguuni mara nyingi hutokana na unyevu kubadilika ghafla, kwa sababu siga iliyokauka hupoteza unyumbufu, na iliyopata unyevu kwa kasi huvimba ndani hadi jani la nje linashindwa kuizuia. Jani linalobanduka kwenye mshono bila kuchanika limeachiwa tu na gundi ya kiwandani, na hilo ndilo tatizo jepesi kuliko yote. Mpasuko unaoanzia kichwani mara baada ya kukata huonyesha kwamba umekata chini ya kofia, kile kipande kidogo cha jani kinachofunga kichwa. Ukataji wa milimita 2 hivi kwa kawaida hutosha.

Vitundu vya mviringo vyenye kipenyo cha milimita 1 au 2, pamoja na unga wa tumbaku chini ya siga, ni habari tofauti kabisa. Hiyo ni kazi ya mbawakawa wa tumbaku, Lasioderma serricorne, ambaye mabuu yake hula majani kutoka ndani. Usizibe vitundu hivyo kabla ya kuua wadudu, la sivyo utakuwa umewafungia ndani ya sanduku la kuhifadhia siga pamoja na siga zako nyingine. Tia siga zote zilizokaa pamoja katika mfuko uliotolewa hewa na kufungwa barabara, ziweke kwenye jokofu la kawaida kwa siku moja, zihamishie kwenye friza yenye nyuzi joto 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa muda usiopungua siku tatu, kisha zirudishe jokofuni kwa siku moja kabla ya kuzitoa. Kupitia jokofuni wakati wa kwenda na wa kurudi si mbwembwe: badiliko la ghafla la joto lenyewe hupasua jani.

Hatua ya pili: rudisha unyevu polepole

Hapa ndipo kazi huharibika kwa haraka ya mtu. Siga ikae mahali penye unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21, lakini iliyokauka sana isipelekwe huko moja kwa moja. Ianzie kwenye asilimia 60 au 62, ikae hapo wiki moja au mbili, kisha ipandishwe kidogo kidogo. Pakiti za kudhibiti unyevu zinazouzwa kwa viwango maalumu hurahisisha kazi hii, mradi kipima unyevu chako kiwe kimehakikiwa. Geuza siga kila baada ya siku chache ili upande mmoja usitangulie mwingine.

Utajua iko tayari ukiibana taratibu kwa vidole viwili karibu na katikati: itabonyea kidogo na kurudi bila kutoa sauti ya kukwaruza. Ikiwa bado inalia, subiri. Ikibonyea na kubaki imebonyea, ina unyevu kupita kiasi na inahitaji kupumzishwa mahali pakavu zaidi.

Hatua ya tatu: andaa gundi

Gundi hii itafika mdomoni na sehemu yake itaungua, kwa hiyo ile ya mbao, ya karatasi za ofisini au ya kukauka papo hapo haifai kamwe. Mimi hupendelea pektini tupu ya matunda, isiyochanganywa na sukari, ingawa gundi safi ya mgunga inayoruhusiwa kwenye chakula nayo hufaa. Nyunyizia unga wa pektini kidogo kidogo kwenye maji ya uvuguvugu huku ukikoroga, kwa kuwa ukiumwaga wote mara moja hufanya madonge, kisha uache kwa dakika kadhaa hadi uwe mzito kiasi cha uji mwepesi. Tengeneza kidogo, gundi hii haidumu zaidi ya siku chache jokofuni.

Wapo wanaotumia mate. Kwa siga unayoivuta mwenyewe muda huo sina ugomvi nao, lakini usimkaribishe mgeni siga ya namna hiyo.

Hatua ya nne: gundisha au tia kiraka

Jani lililobanduka tu halihitaji kiraka. Liinue kwa kibano, pitisha brashi nyembamba ya kuchorea yenye gundi kidogo upande wa chini, lilaze kwa kufuata mzunguko wake wa asili, kisha libane kwa kidole kikavu kwa dakika moja na ufute gundi iliyochuruzika kabla haijaacha doa linalong'aa.

Ufa uliopanuka unahitaji kiraka, na kiraka kizuri hutoka kwenye jani la nje la siga nyingine yenye rangi na unene unaolingana. Lipitishe jani hilo juu ya mvuke kwa sekunde chache tu hadi lilainike, lilaze juu ya kibao, kisha ukate kwa wembe mpya kipande chenye umbo la yai kinachozidi ufa kwa milimita 3 hadi 5 kila upande. Pembe kali huinuka zinapokauka, ndiyo maana mviringo ni bora. Kiangalie kwenye mwanga: upande wenye mishipa iliyotokeza ndio unaolala ndani, na mishipa ya kiraka ielekee kule ielekeako ya siga yenyewe, la sivyo kitaonekana kwa mbali. Paka gundi utando mwembamba kwenye kiraka, wala si kwenye siga. Anza kukilaza ukingo mmoja, ukisukuma hewa kuelekea ukingo wa pili kwa ncha ya kidole, kisha viringisha siga mara moja mezani kwa kiganja kilicholegea. Iache wazi kwa nusu saa, irudishe sandukuni, na usiiwashe kabla ya siku moja au mbili kupita.

Ufa unapotokea ukiwa umeshawasha

Punguza mwendo kwanza, kwani kuvuta kwa haraka huongeza joto linalotanua majani ya ndani. Ufa mfupi ulio karibu na moto uache, utaungua wenyewe. Ulio mbali zaidi unaweza kufunikwa kwa pete ya siga, ule ukanda wa karatasi wenye nembo unaoizunguka, ukiisogeza taratibu baada ya joto kulegeza gundi yake. Usiisogeze pete ikiwa baridi, maana huenda ikaondoka na jani. Ukikosa pete, ukanda mwembamba wa karatasi ya kusokotea sigara wenye gundi ukingoni utafaa.

Siga isiyotengenezeka

Ufa ukipita nusu ya urefu wa siga, au ukungu ukiwa umeingia mguuni, acha kutengeneza. Yenye ukungu itupwe. Iliyopasuka tu ina faida bado: ilainishe kwa unyevu, fungua jani lake la nje kuanzia kichwani, ondoa sehemu zilizochanika, na uhifadhi lililobaki likiwa limenyooshwa kati ya karatasi mbili safi ndani ya sanduku, ukiandika juu yake limetoka kwenye siga ya aina gani.