Ukishafunga kebo za ndege usiangalie kama inacheza, angalia inaelekea wapi

Mafundi wenzangu, hili la kebo za kuongozea ndege kufungwa kinyume naliandika kwa sababu linaua na linazuilika kabisa. Mwisho wa shifti umechoka, ndege inasubiriwa, unazungusha usukani unaona aileroni (vile vibamba vya ukingo wa nyuma wa mabawa vinavyoilaza ndege upande) zinacheza laini hazikwami popote, unasaini. Shida ni kwamba kebo zilizopishana nazo zinacheza laini vilevile.

Novemba 2018 Embraer 190 ya Air Astana ilitoka matengenezo karibu na Lisbon kebo za aileroni zimepishana, marubani wakapambana nayo hewani zaidi ya saa nzima hadi wakaishusha Beja, hukohuko Ureno, wote 6 wakapona. Frankfurt 2001, A320 ya Lufthansa, nyaya za umeme za stiki (mpini mdogo unaotumika badala ya usukani) zilipishana upande wa kapteni peke yake, bawa likakaribia kugusa ardhi, aliyeokoa ni rubani msaidizi kwa stiki yake. Hiyo ndege ilikuwa imejaribiwa, ila kwa stiki ya upande mmoja tu!

Sasa fanya hivi. Kabla hujafungua chochote piga picha, funga lebo kila ncha ya kebo, na manyuali, yaani kitabu cha maelekezo ya matengenezo, iwe ya ndege hiyohiyo, usifanye kwa kukumbuka.

Ukimaliza, mmoja akae kokpiti mwingine asimame nje, na hapa ndo watu wengi wanakosea. Usimuulize wa nje "nimezungusha kulia, imepanda?" maana atakujibu ndiyo kabla hata hajainua macho. Nyamaza, zungusha, yeye ndo aseme anachokiona: "ya kulia iko juu, ya kushoto iko chini". Kama umezungusha kulia, sawa. Vuta usukani kwako, eleveta (vibamba vya mkiani vinavyopandisha na kushusha pua) zipande. Kanyaga pedali ya kushoto, bamba la wima la mkiani linalogeuka liende kushoto. Halafu rudia yote ukiwa kiti cha pili. Kwenye trimu, ile ya kumpunguzia rubani nguvu ya kushikilia usukani, tulia zaidi, kwa kawaida ukitrimu pua juu kile kibamba kidogo cha eleveta kinashuka, na mtu mwenye haraka anaweza kudhani kimefungwa kinyume akakigeuza, kwa hiyo soma manyuali kwanza.

Mwendo wa hivyo vibamba, yaani vinafika umbali gani, nao upimwe hadi mwisho pande zote mbili. Charlotte, Marekani, Januari 2003, ndege ya Beechcraft 1900D kebo ya eleveta ilirekebishwa vibaya na hatua za manyuali zikarukwa, mizigo nayo ilikuwa imeelemea nyuma, pua ikapanda marubani wakakosa mwendo wa eleveta wa kuishusha, watu 21 wakafa. Ilikuwa tayari imeruka mara 9 toka itengenezwe, kwa hiyo mtu akikwambia "jana imeruka vizuri" usikubali.

Nati na pini kagua kwa kidole na tochi moja moja, kisha mwite mtu ambaye hakushika ile kazi akague upya kama vile hakuamini. Mimi hili silioni kama dharau, namshukuru.

Na ukikatizwa au shifti ikiisha, andika. Mwaka 1991 ndege ya Continental Express ilipoteza watu 14 baada ya skrubu za ukingo wa mbele wa bamba la mlalo la mkiani kutolewa na shifti moja, iliyofuata haikujua. Sentensi moja inatosha: "skrubu za juu kushoto nimetoa, sijarudisha", na muda, na sahihi yako.