Kupima boriti kabla haijapanda darini, kwa hesabu za Profesa Timoshenko wa Kyiv

Boriti ya mkoko Lamu bado hununuliwa kwa jicho. Mnunuzi huitazama kama imenyooka, huigonga kwa mpini wa panga asikie mlio, kisha hulipa. Jicho la mzoefu ni mali, lakini halikwambii boriti itanepa kiasi gani ikishabeba mawe na chokaa ya dari nzima. Kwa madumu ya maji, kijiti na kipande cha karatasi unaweza kulijua hilo boriti ikiwa bado chini. Kazi hii inamfaa mwashi anayekarabati nyumba ya mawe Mkomani, seremala wa Shela, na mwanagenzi wa chuo cha ufundi anayetaka kuona kanuni ya darasani ikifanya kazi kwenye mti halisi.

Mwenye hesabu

Stepan Timoshenko alizaliwa Desemba 1878 katika kijiji cha Shpotivka, karibu na Konotop, kaskazini-mashariki mwa Ukraini ya leo, enzi hizo ikiwa chini ya milki ya Urusi. Alisomea uhandisi wa njia za usafiri St. Petersburg, akahitimu mwaka 1901. Mwaka 1905 alikwenda Göttingen, Ujerumani, akafanya kazi na Ludwig Prandtl. Mapema mwaka 1907, akiwa na miaka 28 tu, alianza kufundisha somo la uimara wa vifaa katika Taasisi ya Politekniki ya Kyiv. Mwaka 1909 akawa mkuu wa kitivo cha ujenzi.

Mwaka 1911 alitia saini malalamiko dhidi ya waziri wa elimu wa serikali ya mfalme, akafukuzwa kazi. Kilichomsitiri baada ya hapo ni tuzo ya Zhuravski, aliyopewa kwa utafiti wake juu ya vitu vyembamba vinavyokandamizwa hadi vikapinda ghafla. Alirudi Kyiv, na mwaka 1918 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chuo cha Sayansi cha Ukraini, akaongoza taasisi yake ya mekanika, ambayo hadi leo ina jina lake. Mwaka 1920 vita vilimsukuma hadi Zagreb, na 1922 akavuka kwenda Marekani: kwanza viwandani, halafu Chuo Kikuu cha Michigan kuanzia 1927, na Stanford kuanzia 1936. Alifariki Ujerumani mwaka 1972.

Kanuni ya kunepa utakayoitumia hapa ni ya kale kumliko yeye. Alichofanya ni kuifundisha kwa mifano iliyokokotolewa hatua kwa hatua mpaka ikawa chombo cha kila mhandisi, na mwaka 1921 akaonyesha ni wapi kanuni hiyo inadanganya. Sehemu hiyo ya mwisho itakuhusu sana ukishawishika kupima kipande kifupi.

Kuchagua na kuandaa

Nunua kwa muuzaji mwenye kibali cha KFS, shirika la misitu la Kenya. Sokoni, jina la boriti hupewa mti wenye unene wa takriban sentimita 11.5 hadi 13.5, chini yake ni mazio, juu yake nguzo. Ondoa maganda, ulaze mti kivulini juu ya vipande vya mbao, upate hewa pande zote. Mti mbichi hunepa zaidi ya mkavu, kwa hiyo usilinganishe boriti ya jana na ya miezi miwili iliyopita.

Pima mzingo kwa futi ya kamba mahali patatu: shina, katikati na ncha. Gawanya kwa 3.14 upate unene. Mzingo wa sentimita 37.7 ni unene wa 12. Unene wa katikati ndio wa kutumia kwenye hesabu, lakini ncha ikiwa nyembamba kwa zaidi ya sentimita 2 kuliko shina, weka boriti hiyo kando kwa kazi nyingine. Tafuta vitobo vya dumuzi, na vifundo vilivyokaa theluthi ya katikati. Kifundo kikubwa kielekee juu, kwa sababu upande wa chini ndio unaovutwa, na mti huanza kupasukia hapo. Boriti yenye upinde mdogo, mgongo wake uwe juu.

Kutengeneza kipimo

Weka mawe mawili imara, au matofali ya saruji, na juu ya kila moja kipande cha bomba la chuma kilicholala kukingama. Boriti ikae juu ya mabomba hayo. Umbali kati yao uwe sawasawa na upana wa chumba utakachoezeka, tuseme mita 2.50. Mabomba yanaiacha boriti izunguke kidogo ncha zake zinaponyanyuka. Ikikaa juu ya jiwe bapa itajishika, nawe utasoma mnepo mdogo kuliko wa kweli.

Kosa kubwa la kazi hii ni kupima kutoka ardhini. Lamu ardhi ni mchanga. Mawe yakizama milimita 1 tu chini ya mzigo, utadhani boriti ndiyo iliyonepa, na hiyo milimita ni zaidi ya theluthi ya kitu unachokitafuta. Kipimo lazima kikae juu ya boriti yenyewe.

Toboa kwa keke matundu mawili kwenye ubavu wa boriti, katikati ya unene wake, juu kabisa ya kila bomba. Usipigilie msumari bila kutoboa: mkoko ni mgumu, msumari utapinda au mti utachanika. Tia misumari, kisha laza juu yake ubao mnyoofu wenye urefu wa mita 2.70. Upande mmoja ubao ufungwe kwa uzi, wa pili ukae huru. Sasa boriti ikinepa, ubao haunepi nayo, na mawe yakizama, vyote viwili vinazama pamoja.

Katikati ya boriti, kwa urefu uleule, tia msumari wa tatu uliochomoza sentimita 6. Kwenye ubao, sentimita 5 kando yake, pigilia msumari mwembamba wa egemeo. Chukua kijiti kikavu na chepesi cha sentimita 57, kitoboe ili kizunguke kwenye egemeo hilo, mkono mmoja ukiwa mfupi na mwingine sentimita 50 kamili. Mkono mfupi upite chini ya msumari wa boriti. Uzito wa mkono mrefu utaunyanyua ule mfupi uguse msumari muda wote, pasiwe na nafasi ya kuchezacheza. Boriti ikishuka milimita 1, ncha ya kijiti itapanda 10. Nyuma ya ncha gundisha karatasi yenye mistari ya milimita.

Kinga mahali hapo na upepo. Kusi ikivuma kijiti hakitulii.

Kupakia

Funga kamba katikati ya boriti, ishikilie jukwaa dogo la mbao lililo sentimita 20 hivi kutoka chini, lisianguke mbali kamba ikikatika. Mguu wa mtu usiwe chini yake hata kidogo.

Pima kila dumu la lita 20 kwa mizani. Dumu lililojazwa hadi mdomoni hupita kilo 20, na madumu hayafanani. Hapa tuchukue madumu matano ya kilo 21 kila moja, jumla kilo 105.

Pakia yote matano, subiri dakika moja, yashushe yote. Raundi hii si ya kusoma. Inakalisha boriti, kamba na misumari mahali pake. Sasa tia alama ya sifuri kwenye karatasi. Pakia dumu moja moja, na kila mara andika ncha ilipofika. Usikawie, kwani mti uliobebeshwa huendelea kunepa polepole. Halafu shusha moja moja na uandike tena.

Namba ulizoandika zipande kwa hatua zilizo sawa. Dumu la nne likiruka hatua kubwa kuliko la pili, kuna ufa unaofunguka au kamba imeteleza. Ncha isiporudi karibu na sifuri baada ya kushusha, rudia. Ikigoma tena, boriti hiyo si ya dari. Ukisikia mlio wa kukatika nyuzi, shusha mara moja. Zungusha boriti robo mzunguko, upime tena, maana mti si duara kamili. Upande uliotoa mnepo mdogo ndio wa kulaza.

Hesabu

Tuseme kwa kilo 105 ncha imepanda milimita 26. Mnepo wa kweli ni 2.6. Mzigo ni 105 × 9.81, yaani niutoni 1,030. Kanuni ni hii, P ikiwa mzigo kwa niutoni, L umbali kati ya mabomba kwa mita, na mnepo pia kwa mita:

EI = P × L³ ÷ (48 × mnepo)

EI = 1,030 × 15.625 ÷ (48 × 0.0026) = 129,000 hivi

Hiyo ndiyo nambari ya ukakamavu wa boriti hii. Iandike kwa rangi kwenye kitako chake. Mwanafunzi anayetaka moduli ya Young (E, ugumu wa mti wenyewe bila kujali unene) agawanye kwa I, kipimo cha umbo na unene, ambacho kwa mti wa duara ni 0.049 × unene⁴. Unene wa 12 unatoa I ya sentimita⁴ 1,018, na moduli ya gigapaskali 12.7. Fundi haihitaji.

Sasa mzigo wa dari. Unene wa sentimita 20 wa mawe na chokaa, ukichukua kilo 1,900 kwa mita ya ujazo, ni kilo 380 kwa mita mraba. Ongeza 150 za watu na vyombo: 530. Boriti zikiwa sentimita 30 kutoka katikati hadi katikati, kila moja inabeba kilo 159 kwa mita, na 11 hivi za uzito wake yenyewe: 170, au niutoni 1,670.

Mnepo = 5 × 1,670 × L⁴ ÷ (384 × EI) = milimita 6.6

Kipimo kinachokubalika sana ni urefu ugawanywe kwa 360, hapa milimita 6.9. Boriti imepita, ila kwa shida. Ukumbuke pia kwamba mzigo usioondoka huendelea kuunepesha mti kwa miaka. Sehemu ya mawe na chokaa ihesabu mara mbili, na mnepo wa uzeeni utafika milimita 11. Chokaa huvumilia hilo kama kazi ilipewa muda wa kukauka.

Kwa chumba na dari ya namna hii, basi, ncha isipande zaidi ya milimita 27 kwa kilo 105. Ikifika 33, si lazima uitupe: punguza nafasi hadi 30 × 27 ÷ 33, yaani sentimita 24.

Mambo mawili kwenye kanuni hizi yanastahili kuangaliwa kwa makini kuliko mengine. La kwanza ni urefu. Chumba kikiongezwa kutoka mita 2.5 hadi 3, mnepo wa dari huwa zaidi ya mara mbili, ndiyo maana misana (vyumba vya ndani) ya nyumba za kale ni mirefu lakini myembamba. La pili ni unene. Mwenye nyumba akitaka boriti ichongwe iwe ya mraba kwa ajili ya urembo, kutoka duara la 12 unapata mraba wa 8.5, na ukakamavu unaobaki ni asilimia 42 tu. Pima baada ya kuchonga, kamwe si kabla.

Kipande kifupi kinavyodanganya

Wengi hutaka kukata kipande cha mita 1 na kukipima hicho, maana ni chepesi kubeba. Hapa ndipo andiko la Timoshenko la 1921 linapohitajika. Kanuni ya kale inachukulia kwamba mti unanepa kwa kupinda peke yake. Yeye, akichunguza mitetemo ya fimbo, aliingiza kwenye hesabu za boriti mteremko wa ziada: tabaka za kitu huteleza kidogo moja juu ya nyingine. Kwenye chuma cha kawaida kirefu huo ni kidogo mno. Mti ni tofauti, kwa sababu ugumu wake dhidi ya kuteleza huko ni takriban sehemu moja ya kumi na sita ya ugumu wake wa kuvutwa kwa urefu.

Kwa unene wa 12 na urefu wa mita 2.5, ziada hiyo ni asilimia 3, unaweza kuiacha. Kwa mita 1 inafika 19. Ukitumia kanuni ya kawaida utaikataa boriti nzuri. Pima kwa urefu wa chumba, au usipungue mara kumi na nane ya unene.

Kupanga juu

Boriti zenye EI inayokaribiana zilale jirani. Ngumu ikiwa peke yake kati ya laini, itabebeshwa sehemu ya mzigo wa wenzake. Zilizo ngumu kuliko zote ziwekwe chini ya tangi la maji au ukuta wa kugawa chumba. Laini zikae kandokando. Kila ncha iingie ukutani angalau sentimita 15. Jaribio hili halioni uozo wa ncha, nao ndio huua boriti nyingi kwenye kuta zenye unyevu, kwa hiyo chonga kidogo kila ncha kwa kisu na utazame rangi ya ndani kabla ya kuipandisha.

Nguzo za muda zinazoshikilia dari wakati chokaa inakauka zifungwe kamba na mti wa kukingama katikati ya urefu wake, pande zote mbili. Nguzo nyembamba isiyoweza kupinda katikati hubeba hadi mara nne ya ile iliyoachwa wazi. Ziache mpaka chokaa iwe ngumu kiasi cha kutokwaruzika kwa ukucha, kisha zitoe ukianzia katikati ya chumba kwenda pembeni.