Glovu za askari porini: zichague vizuri, zifunge zisipotee

Mdogo wangu yuko jeshini na mara nyingi mazoezi yao ni huku kwetu Dodoma, vichaka vya miiba, mawe, jua kali, mchana chuma ukikishika unaachia, kwa hiyo glovu naomba msizichukulie poa.

Kwanza saizi. Chukua futi kamba, zungushia kiganja chini ya vidole bila dole gumba, ukipata kama sentimita 20 hiyo ni namba 8, sentimita 23 ni namba 9. Ikubane kidogo, ngozi ya glovu inalegea ukiivaa, ila vidole visife ganzi. Halafu jaribu hapohapo dukani kufunga kamba za buti na kuokota sarafu, ukishindwa basi hata kidole kwenye traiga ya bunduki hakitaingia vizuri, iache.

Material ndo muhimu kuliko vyote. Nailoni na poliesta tupu zikipata moto zinayeyuka na kugandia kwenye ngozi, jamani hilo jeraha ni baya sana, bora ngozi ya mbuzi au Nomex, kitambaa kisichoshika moto kirahisi. Ukiona alama EN 388, hicho ni kipimo cha Ulaya cha uimara wa glovu, tarakimu ya nne ndo ya kutobolewa na kitu chenye ncha, kwa miiba yetu tafuta 3 au 4.

Kuzifunga sasa: pitisha kamba nyembamba kwenye kitanzi cha pale kwenye mkono wa glovu, ncha ya pili funga kwenye kifungo cha shati. Iwe nyembamba ya kukatika ukinasa, na fupi isifike kwenye silaha. Ukizivua zibane pamoja kwa karabina (kile kipete cha chuma cha kubana) kiunoni, usiziweke juu ya jiwe hata dakika moja, na kabla ya kuvaa zikung'ute, nge wapo.