Kompyuta imejisasisha usiku, asubuhi haifunguki: fanya haya kabla ya kupiga Windows upya

Watu husema "kompyuta haiwaki" kwa matatizo mawili yasiyofanana. Ipo ambayo ukibonyeza kitufe huoni taa wala husikii feni. Hiyo ina tatizo la umeme. Na ipo inayowaka vizuri, nembo ikatokea, kisha ikaishia hapo: vitone vinazunguka bila mwisho, skrini ya buluu inajitokeza, au inajizima na kujiwasha tena na tena. Maelezo haya ni ya hiyo ya pili, kwenye Windows 10 na 11. Shika jambo moja tangu mwanzo: sasisho lililokwama kwa kawaida huharibu mafaili ya mfumo, siyo picha na nyaraka zako. Anayekimbilia kufomati anafuta vitu ambavyo bado vipo.

Hatua ya kwanza ni kusubiri, na ndiyo inayowashinda wengi. Maandishi ya "Working on updates" yanaweza kuganda kwenye asilimia ileile kwa saa nzima, hasa kwenye diski ya kizamani inayozunguka. Tazama taa ya diski kama mashine yako inayo: ikipepesa, kazi inaendelea. Ipe saa mbili hadi tatu ikiwa kwenye chaja. Wakati huo Windows inabadilisha mafaili ya mfumo kidogo kidogo, na ukikata umeme katikati unabaki na nusu mapya, nusu ya zamani. Ukiona "Undoing changes made to your computer", imegundua yenyewe kwamba imeshindwa na inarudi nyuma. Hapo pia usiiguse.

Saa zikipita bila dalili yoyote, shikilia kitufe cha kuwasha sekunde 10 hadi izime. Chomoa kila kitu kisichohitajika: flashi, printa, diski ya nje, kadi ya kumbukumbu. Bakiza kibodi na kipanya. Flashi iliyosahaulika inatosha kuifanya mashine itafute mfumo mahali pasipo na mfumo. Kisha iwashe.

Ikiwa hata nembo ya Windows haitokei, unaona tu maandishi kwamba hakuna diski ya kuwashia, ingia kwenye baiosi, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows (bonyeza F2, Del au F10 unapowasha, kutegemea mtengenezaji), uangalie kama diski imeorodheshwa. Isipoonekana kabisa, tatizo ni diski yenyewe au muunganisho wake, na hakuna amri itakayosaidia. Ikionekana, lakini Windows inatoa skrini ya buluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, chunguza humohumo kwenye baiosi namna diski inavyosomwa: huandikwa AHCI, RAID au VMD. Sasisho la baiosi huweza kuja pamoja na lile la Windows na kurudisha mipangilio kwenye ile ya kiwandani. Irudishe ilivyokuwa awali, usibadilishe kingine chochote.

Kama nembo inatokea, nenda kwenye mazingira ya ukarabati. Windows ikishindwa kuanza mara mbili mfululizo, huyafungua yenyewe. Isipofanya hivyo, izime kwa kitufe mara tu nembo inapotokea, rudia mara mbili au tatu, kisha iache. Ukifika kwenye "Choose an option", fuata "Troubleshoot", halafu "Advanced options". Kipanya na kibodi vikikataa kufanya kazi hapo tu, jua kwamba sasisho la Oktoba 2025 la Windows 11, lenye namba KB5066835, lilileta kasoro hiyohiyo kwa vifaa vya USB. Washa mashine kwa flashi ya kusakinishia Windows, iliyotengenezwa kwenye kompyuta nyingine, badala yake.

Huenda ukaulizwa ufunguo wa BitLocker (kinga ya Windows inayofunga diski kwa siri) wenye tarakimu 48. Usibahatishe. Kwa simu au kompyuta nyingine, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft upande wa vifaa. Kama mashine ni ya kazini, ufunguo kwa kawaida uko kwa watu wa TEHAMA. Linganisha herufi za mwanzo za "Key ID" kwenye skrini na zile za ufunguo uliohifadhiwa, maana mtu mmoja anaweza kuwa na funguo kadhaa.

Kabla ya kurekebisha chochote, okoa mafaili yako. Chomeka diski ya nje, fungua "Command Prompt" (dirisha la kuandikia amri, lipo ndani ya "Advanced options"), andika notepad kisha Enter. Kwenye Notepad chagua File, Open, na pale chini badilisha aina ya mafaili iwe "All Files". Dirisha hilo dogo sasa linakuonyesha diski zote. Ingia Users, fungua folda yenye jina lako, bofya kitufe cha kulia juu ya Documents au Pictures, nakili, kisha bandika kwenye diski ya nje. Hutaona mstari wa maendeleo, kwa hiyo dirisha litaonekana limeganda. Liache limalize.

Sasa rudi "Advanced options", uchague "Uninstall Updates". Kuna machaguo mawili: "quality update" ni yale ya kila mwezi, "feature update" ni toleo jipya zima. Ondoa lile lililoingia karibuni. Mara nyingi ni la kila mwezi. Toleo zima kwa kawaida huondoleka ndani ya siku 10 tu, kwa sababu baada ya hapo Windows hufuta mafaili ya toleo la zamani. "Startup Repair", inayojaribu kurekebisha yenyewe, ipe nafasi moja. Ikisema imeshindwa, kuirudia mara tano hakubadilishi kitu. "System Restore", inayorudisha mfumo ulivyokuwa siku za nyuma, ni bora kuliko hiyo, kama ilikuwa imewezeshwa.

Kama nembo inapita kisha skrini inabaki nyeusi, ishuku draiva ya skrini, yaani programu inayoendesha kadi ya michoro. Kwenye "Advanced options" pitia "Startup Settings", Restart, kisha bonyeza 4 kuingia Safe Mode, ambako Windows huwaka na vitu vya msingi tu. Fungua Device Manager, Display adapters, Properties, Driver, ubofye "Roll Back Driver".

Sasisho baya pia si lazima litoke Microsoft. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5. Tiba ilikuwa kuingia Safe Mode na kufuta faili moja linaloanza na C-00000291 ndani ya C:\Windows\System32\drivers\CrowdStrike. Kazi ya dakika chache, ila iliyokwama palipokosekana ufunguo wa BitLocker.

Yote hayo yakishindikana, rudi kwenye "Command Prompt". Hapa herufi za diski huweza kubadilika, C ikawa D. Andika dir C:\ na dir D:\, uone ipi ina folda za Windows na Users, kisha utumie herufi hiyo:

dism /image:C:\ /cleanup-image /revertpendingactions

Amri hii inafuta kazi za sasisho zilizobaki njiani, na itumike tu kwenye mashine isiyofunguka. Ikimaliza, washa upya. Bado? Hakiki mafaili ya mfumo:

sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows

Kilichoharibika kikiwa ni sehemu ya kuwashia, andika diskpart (programu ya kupanga sehemu za diski), kisha list volume, utafute sehemu ndogo ya FAT32, mara nyingi ya MB 100 hadi 300. Ikiwa ni namba 2, kwa mfano:

select volume 2
assign letter=S
exit
bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Hakikisha namba hiyo mara mbili kabla ya Enter, na usiandike clean wala format ukiwa ndani ya diskpart.

Kupiga upya kunakuja baada ya hapo. Anza na "Reset this PC", "Keep my files": mafaili yako yanabaki, programu ulizoweka zinaondoka. Ikigoma, tengeneza flashi ya Windows ya angalau GB 8 kwenye kompyuta nyingine.

Mashine ikifunguka, nenda Settings, Windows Update, Update history, uandike namba ya KB iliyoshindikana. Kisha sitisha masasisho. Kwenye Windows 11 unaweza kusitisha hadi wiki 5, na mara nyingi marekebisho hutolewa ndani ya muda huo. Kabla ya kuyaruhusu tena, acha GB 20 wazi kwenye C na uchomeke chaja.